Unajulikanaje Kuwa Ni Wewe? Historia ya Utambulisho, Kutoka Pete ya Muhuri Hadi Simu ya Mkononi



Katika makala hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo limeshaingia kila nyumba, lakini ni wachache wanaojua lilikotoka. Ukiwasha simu, inakuuliza namba ya siri au inataka kidole. Mkimbizi wa Dzaleka akienda kuhakikiwa, huambiwa aweke vidole juu ya kioo na atazame kwenye chombo kinachopiga picha mboni za macho. Na mtu akijaribu kutuma pesa usiku wa manane, kwa simu ambayo si yake, huenda akazuiwa mpaka ajieleze. Maswali yote haya kwa hakika ni swali moja tu: Je, ni wewe kweli?

Swali hili lina historia ndefu. Tukiijua, tutafahamu kwa nini mashine za leo zinatupima kwa vifaa tulivyoshika na kwa mazoea yetu. Tutafahamu pia kwamba kila kipimo kilichowahi kubuniwa kimewahi kukosea, na aliyeumia zaidi ni yule ambaye hakuwa na mahali pa kwenda kusema, "Mimi siye."

NJIA TATU ZA ZAMANI

Tangu kale watu wametambulishana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kitu unachokijua, kama neno la siri la walinzi wa usiku. Ya pili ni kitu ulicho nacho, kama muhuri, ufunguo au cheti. Ya tatu ni vile ulivyo wewe mwenyewe: uso wako, sauti yako, kovu lako, mwendo wako.

Sisi Waislamu tunao mfano maarufu wa njia ya pili. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nchi za nje aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha iliyochongwa jina lake na cheo chake cha Utume. Baada yake pete hiyo ilivaliwa na Abu Bakr, kisha ‘Umar, kisha ‘Uthmaan (Allaah Awawie radhi), mpaka siku ilipotumbukia katika kisima cha Ariis. Wakaitafuta kwa siku tatu, wasiipate. Hapo ndipo penye udhaifu wa njia hii: kitu huweza kupotea, na kikipotea, mwenyewe yupo lakini ushahidi wake haupo.

Njia ya kwanza nayo ina udhaifu wake, na kompyuta zilianza kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu. Kila mtu alipewa neno la siri ili kulinda mafaili yake na saa zake za kazi. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, alitaka saa zaidi ya alizopangiwa. Akaiagiza kompyuta ichapishe faili lililokuwa na maneno ya siri ya watu wote, ikachapisha. Basi neno la siri halikuwa na umri hata wa miaka mingi kabla ya kuvuja. Kompyuta ilijua kwamba aliyeandika analijua neno. Haikujua ni nani.

WINO WA VIDOLE

Kwa sababu kitu hupotea na neno huvuja, watawala waligeukia mwili. Mwaka 1858 huko Bengal, India, afisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja apige chapa ya kiganja chake kwenye mkataba, ili asije kuukana baadaye. Miaka ya 1890 polisi wa Calcutta walitafuta njia ya kupanga maelfu ya alama za vidole ili ipatikane ile inayotakiwa bila kupekua zote. Kazi kubwa ya hesabu zake ilifanywa na maafisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque, ambaye alikuwa Muislamu, na Hem Chandra Bose. Hata hivyo mfumo huo uliitwa kwa jina la mkubwa wao, Edward Henry, na mwaka 1901 ukaanza kutumika Scotland Yard, London. Ni ajabu kwamba elimu ya kutambua watu ilianza kwa kuwasahau waliyoiunda.

Huku kwetu Afrika Mashariki wino huo ulikuja na kipande. Sheria ya Kenya ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi zake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Akiacha kazi bila idhini ya tajiri wake, kipande kilimshitaki. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1947 ilipoletwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, walowezi wa Kizungu waliona ni fedheha kubwa wao kuchapwa vidole. Na wazee wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, waliokwenda kufanya kazi Rhodesia ya Kusini, walikuwa na kipande chao walichokiita chitupa.

Tunajifunza nini hapa? Wino ni ule ule na vidole ni vile vile. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa akiuliza, na mwingine alikuwa hana ruhusa ya kuuliza.

DZALEKA: MAHALI PALIPOJUA VITABU VYA MAJINA

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 50 kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi palikuwa na gereza ambamo wapinzani wa serikali ya Dokta Kamuzu Banda walifungwa. Jina lenyewe husemwa kuwa linatokana na maneno ya Kichewa ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, Burundi na Kongo.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, vitambulisho vya Rwanda viliandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, katika vizuizi vya barabarani, mtu aliombwa kitambulisho, kikasomwa, na neno moja lililoandikwa mle likawa hukumu yake. Hivyo basi, baadhi ya waliofika Dzaleka walishajua jambo ambalo vitabu vya kompyuta havilisemi: kutambuliwa kwa usahihi kabisa kunaweza kuwa ndiyo hatari yenyewe. Kosa halikuwa katika kusoma jina, bali katika kile kilichoandikwa na nia ya aliyeshika karatasi.

Lakini kutojulikana nako ni msiba. Mtu asiye na karatasi hapati mgao, mtoto wake huhangaika kuandikishwa shule, na akifika mjini hana cha kumwonyesha askari. Mkimbizi amebanwa kati ya hofu hizi mbili, nasi tusimlaumu akisita anapoulizwa jina, wala tusimlaumu akiling'ang'ania jina hilo.

MBONI ZA MACHO, 2013

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikuwa limekwishatumia picha za mboni za macho mwaka 2002 huko Pakistani, ili Waafghani waliokuwa wakirejea kwao wasichukue fedha za safari mara mbili. Mboni ina mistari ya kila namna, haifanani hata kati ya jicho la kulia na la kushoto la mtu mmoja. Aliyepata hesabu ya kuifanya mistari hiyo iwe namba za kompyuta ni John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika miaka ya 1990.

Mwishoni mwa mwaka 2013 UNHCR lilipotaka kujaribu mfumo wake mpya kabla ya kuueneza duniani, mahali palipochaguliwa ni Dzaleka. Karibu watu 17,000 walipita mbele ya vyombo hivyo. Zilichukuliwa alama za vidole vyote kumi, mboni za macho mawili na picha ya uso. Kuanzia mwaka 2015 mfumo huo, unaojulikana kwa kifupi BIMS, ukapelekwa nchi nyingine, zikiwemo Thailand na Chad. Kwa hiyo wasomaji wetu wa Dzaleka wajue kwamba wazee wao na majirani zao wamo katika historia ya teknolojia ya dunia, ingawa majina yao hayajaandikwa popote ila katika kompyuta ya shirika.

Faida ilikuwepo, na ni haki kuisema. Aliyepoteza karatasi yake njiani, au iliyeungua katika moto wa nyumba, hakuhitaji tena kuanza upya. Lakini vidole vya mkulima na fundi wa matofali husagika, na macho ya mzee huweza kuwa na mtoto wa jicho. Ndiyo maana mfumo ulichukua vyote pamoja, kimoja kikishindwa kingine kisaidie.

MKONO WA MPIGA TELEGRAFU

Sasa tufike kwenye tabia. Wengi hudhani ni jambo la jana, na sivyo. Wanazuoni wetu wa Hadiyth walikwishajua kwamba jina la mpokezi pekee halitoshi. Walimpima kwa kumbukumbu yake, mwenendo wake, na kama kweli aliwahi kuishi zama moja na yule anayedai kusikia kwake.

Katika ulimwengu wa mashine, mwanzo wake ni telegrafu. Mpiga telegrafu alituma herufi kwa kubonyeza kitufe, mara kwa kifupi na mara kwa kirefu. Wenzake walioketi mbali walimtambua kwa mdundo wa mkono wake kama tunavyomtambua mtu kwa kikohozi chake nje ya mlango. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliwasikiliza wapiga redio wa Kijerumani hivyo hivyo, na mpigaji akihama, wakajua kikosi chake kimehama.

Majasusi waliotumwa na London walipewa pia alama za siri za kuweka ndani ya ujumbe, ili wakikamatwa waziache na wakubwa wao wafahamu. Mnamo Machi 1942 Wajerumani walimkamata mpiga redio Huub Lauwers huko Uholanzi, wakamlazimisha aendelee kutuma. Lauwers akaacha ile alama makusudi. London wakaona haipo, wakadharau, wakaendelea kutuma watu. Zaidi ya majasusi 50 waliangukia mikononi mwa adui, na wengi wao wakauawa. Kipimo kilifanya kazi yake. Walioshindwa ni waliokuwa wakikisoma.

Mwaka 1980 taasisi ya RAND ya Marekani ilitoa ripoti ya R. Stockton Gaines na wenzake. Waliwapima wapiga chapa wachache tu kwa muda unaopita kati ya herufi moja na ya pili, wakaona kila mmoja ana mdundo wake. Hapo ndipo kibodi ilipoanza kusikilizwa kama telegrafu.

Baadaye vikaja vifaa. Mwaka 2010 shirika la EFF la Marekani lilichunguza kompyuta zipatazo 470,000 zilizoingia katika ukurasa wake wa majaribio. Bila kuuliza jina wala neno la siri, kwa kutazama tu aina ya programu ya kufungulia intaneti, maandishi yaliyowekwa ndani, ukubwa wa kioo na saa ya mahali, zaidi ya asilimia 83 hazikufanana na nyingine yoyote miongoni mwa zilizochunguzwa. Kifaa chako kina uso wake hata kama wewe umejifunika.

Benki na kampuni nyingi za leo huchanganya yote haya. Hutazama kama simu ni ile ya siku zote, kama laini imebadilishwa karibuni, uko wapi, ni saa ngapi, unatuma kiasi gani, na baadhi hupima hata unavyogusa kioo na unavyoinamisha simu mkononi. Kompyuta haisemi "huyu ni fulani". Inasema "huyu anafanana na fulani wa jana kwa kiasi hiki". Kiasi kikipungua, inauliza zaidi au inafunga.

AZIMA SIMU, AZIMA JINA

Mfumo huu umejengwa juu ya dhana kwamba mtu mmoja ana simu moja, laini moja, na anaishi kwa utaratibu usiobadilika. Je, ndivyo tunavyoishi?

Malawi ilipata huduma ya Airtel Money mwaka 2012 na Mpamba ya TNM mwaka 2013. Mwaka 2017 serikali iliandikisha zaidi ya watu milioni 9 kwa ajili ya kitambulisho cha uraia, na mwaka 2018 kila laini ya simu ikatakiwa iandikishwe kwa jina la mwenyewe. Kwa raia, kitambulisho hicho kilirahisisha mambo. Mkimbizi hakukipata, kwa kuwa si raia. Mtu wa namna hii huishia kutumia laini iliyoandikishwa kwa jina la rafiki, na simu moja hutumika na mama, mtoto wa sekondari na mjomba mwenye genge. Asubuhi mdundo wa vidole ni wa mtu mmoja, na jioni ni wa mwingine. Ukarimu wetu, mbele ya mashine, unafanana na wizi.

Na maisha hayakai palepale. Mei 2023 serikali ilianza kuwaondoa wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine, kuwarudisha Dzaleka, makazi yaliyojengwa kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000 na ambayo tayari yalikuwa na zaidi ya 50,000. Mwenye duka wa Lilongwe alibadilisha mahali, saa zake, kiasi cha pesa anachotuma na watu anaowatumia, yote kwa siku moja. Mashine inayopima mazoea ingesema huyu si yule. Naye ni yule yule, ila amehamishwa.

KOSA LILILOKAA KATIKA KUMBUKUMBU

Mfano wa jirani zetu wa Kenya unatufundisha jambo la mwisho. Makambi ya Dadaab yalianzishwa mwaka 1991. Wakati wa ukame na njaa, baadhi ya Wakenya wa kaskazini mashariki, wengi wao Waislamu wa Kisomali, walijiandikisha kama wakimbizi ili familia zipate chakula, na watoto wakachapwa vidole pamoja na wazazi. Watoto hao walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa lao, kompyuta ikajibu kuwa vidole hivi ni vya mkimbizi. Maelfu wakakwama kwa miaka, bila kazi rasmi, bila akaunti ya benki, bila kusafiri kwa amani.

Tutazame vizuri: mashine haikukosea. Vidole vilikuwa vyao kweli. Lakini aliyepewa chakula akiwa na miaka mitano hakuulizwa na mtu kama anajua atakachokilipia. Kumbukumbu ilikuwa na nguvu kuliko maelezo ya mwenyewe, mzazi wake na mzee wa mtaa wake.

TUFANYE NINI?

Hatusemi watu wakimbie vipimo hivi, kwani vinawazuia pia matapeli wanaopiga simu wakidai wametuma pesa kwa makosa. Tunasema tuviingie kwa ufahamu.

Wazazi, kila mwenye uwezo amwandikishie mwanawe mkubwa laini yake. Asiye na uwezo, basi simu ya nyumba iwe na mwenye dhamana mmoja wa pesa, na namba ya siri isiwe wimbo wa watoto. Laini ikipotea au simu ikikosa mtandao ghafla, nenda kwa wakala rasmi siku hiyo hiyo, kwa sababu mwizi wa laini huwa ameshakuwa wewe kabla hujamaliza kuitafuta.

Wanafunzi, wengi wenu mnasoma kompyuta, na baadhi yenu mtakuja kuandika programu hizi. Kumbukeni kwamba kuna mtu anayeazima simu, mkulima asiye na alama za vidole, na mfanyabiashara aliyehamishwa usiku. Wekeni mlango kwa ajili yao.

Na sote tujue haki zetu. Malawi ilipata Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi mwaka 2024, chini ya usimamizi wa MACRA, na mtu anaweza kuuliza ni nini kimeandikwa juu yake na kudai kilicho kibaya kisahihishwe. Kenya nayo, Mahakama Kuu iliamua Januari 2020, katika kesi iliyofunguliwa na watetezi wa jamii ya Wanubi na wengine, kwamba serikali haiwezi kukusanya vinasaba na ramani za makazi ya watu kwa ajili ya Huduma Namba. Waliuliza, wakajibiwa.

Habari za mtu ni amana. Anayezichukua, awe karani wa kambi, benki au kampuni ya simu, ameshika amana ya watu, na mwenye amana ana haki ya kuuliza hali yake. Kutoka kikopo cha shingoni mpaka mdundo wa vidole juu ya kioo, swali la "wewe ni nani" limekuwa likiulizwa upande mmoja tu. Tuwafundishe watoto wetu kulijibu kwa ukweli, kisha nao waulize kwa adabu: Nawe unayeniandika ni nani, na nikiwa umenikosea nije kwa nani?

Wabillaahi tawfiyq.